Ukoko wa Mwalimu

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Babati, na kazi hii imenifundisha kuusoma mwili wa mtu kabla hajafungua mdomo. Mteja anaingia anasema amepungua, anataka gauni la kubana, na mimi nikiwa bado natafuta futi yangu nimeshajua kwamba hajapungua popote.

Mume wangu nimemshonea suruali tangu tulipooana. Kila baada ya muda nilikuwa nafungua mshono wa nyuma, naachia kitambaa kidogo, nafunga tena, na yeye anasema vitambaa vya siku hizi vinanywea vikifuliwa. Ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya hapa mjini, mtu wa Singida aliyeletwa Babati na kazi akanikuta mimi, binti wa wakulima wa kule juu Mbulu. Watoto wetu wamekua, wana miji yao. Nyumba yetu ya Maisaka ikabaki na watu wawili na sufuria za watu wengi, na mimi nikashindwa kabisa kujifunza kupika kidogo. Mkono ulikuwa umezoea. Nilisonga ugali wa familia nzima, na kwa kuwa sote wawili tulilelewa na wazazi waliokuwa hawatupi chakula, tuliumaliza.

Ndipo akaanza kuumwa kichwa. Alisema ni kelele za wanafunzi wa kidato cha pili. Nilimwacha na kelele zake wiki kadhaa, kisha nikamshika mkono nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wetu. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, kisha akaanza kumsomea majibu ya vipimo. Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa imebisha hodi ila haijaingia ndani. Akamwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta, ugali uwe kidogo na mboga ziwe nyingi, na atembee kwa miguu. Mume wangu alikuwa anaitikia kila neno kwa kutikisa kichwa, kama mwanafunzi anayengoja kengele ilie.

Nilikuwa nimeshainuka niondoke nesi aliposema na mama naye apande kwenye mzani. Nikamwambia mimi nimesindikiza tu. Akajibu kwamba mzani hauna habari nani kasindikiza. Nikapanda na mkoba. Nikashuka, nikaweka mkoba chini, nikapanda tena. Nikavua viatu. Nikavua na kitenge nilichojifunga juu ya gauni. Mzani haukujali. Daktari akaangalia zile namba, akamwangalia mume wangu, akasema, "Basi mtakula pamoja." Kwa mara ya kwanza tangu tuingie hospitali, mume wangu alicheka.

Nikikabidhiwa kazi huwa sifanyi nusu. Jioni ileile sembe lote nililitoa kwa jirani nikaenda mashineni kusaga dona. Chumvi niliiweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria la Krismasi, ili anayeihitaji apande kiti na ajifikirie akiwa huko juu. Nilinunua sahani ndogo. Nikaanza kupika mchicha, majani ya maboga na mnafu, na vyote nilivichemsha kwa maji, kwa sababu kichwani mwangu chakula cha afya kilikuwa chakula ambacho hakijafanyiwa kitu chochote. Maharage nayo nilichemsha hivyohivyo. Yalikuwa yanakutazama kutoka kwenye bakuli kama kokoto za mtoni.

Mume wangu alikula. Hilo lazima niliseme kwa haki yake. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anamaliza kilichoko kwenye sahani, ananawa, anasema, "Asante mama, nimeshiba," na mimi nikawa naringa. Kila mteja aliyekuja kupimwa aliondoka na nguo yake na somo la lishe juu. Wengine nadhani walihamia kwa fundi mwingine kwa ajili hiyo.

Wakati huohuo tabia yake ikabadilika. Huyu ni mtu ambaye zamani alikuwa anatoa mchango wake wa harusi, anamtuma mtu aupeleke, kisha anabaki nyumbani kusahihisha madaftari. Misiba ya mbali alikuwa anaenda kuzika na kurudi moja kwa moja. Sasa akawa hakosi. Harusi, kipaimara, ubatizo, kumuaga binti, arobaini ya mtu ambaye hatukumjua, yeye yuko. Alikuwa anavaa koti lake la kahawia, anabusu paji la uso wangu, anasema watu tusipozikana nani atatuzika. Mimi Jumamosi huwa niko kwenye cherehani mpaka jioni, hasa shule zikikaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya leoleo, kwa hiyo nilikuwa namwombea tu safari njema.

Nilifurahi sana. Niliamini ile presha imemtisha, ikamsogeza karibu na Mungu na majirani. Sokoni watu walianza kunisimamisha kunisifia mume. Mama mmoja muuza vitunguu aliniambia mwalimu alikaa msibani kwao mpaka jamvi likakunjwa. Jumuiya yetu ikamweka kwenye kamati ya misiba, na aliporudi na habari hiyo alikuwa na sura ya mtu aliyepata cheo alichokuwa anakitamani muda mrefu.

Kilichonitatiza ni futi. Nilikuwa namshonea suruali mpya ya kamati, nikampima kiuno, na kiuno kilikuwa kimeongezeka. Nikapima tena. Nikasema hii futi imevutika kwa uzee, nikaenda kuazima ya fundi wa kibanda cha pili. Ikasema neno lilelile. Mume wangu alikuwa amesimama mikono juu kama mtu anayepekuliwa na askari, anaangalia dari.

"Labda ni gesi," akasema. "Hizi mboga zina gesi."

Nikamwamini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo.

Basi akafariki mama mzazi wa mteja wangu mmoja wa Nangara, bibi aliyekula chumvi nyingi na kuacha wajukuu na vitukuu, msiba wa watu wengi usio na machozi mengi. Mteja huyo nilikuwa nimemshonea nguo za watoto wake wote, nikaona siwezi kutuma rambirambi. Nikafunga kibanda mapema, nikachukua kisu changu cha kumenyea, nikaenda kusaidia jikoni. Mume wangu alikuwa na kikao shuleni, aliniambia atajaribu kupita kama nafasi itapatikana.

Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wameshawasha moto. Sufuria kubwa za pilau zilikuwa juu ya mafiga, na kando kidogo maharage na kabichi. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikawa namenya viazi. Wa Nangara hawanijui sana, wao wana mafundi wao. Waliniita dada, wakanisogezea besheni, kazi ikaendelea.

Pilau la kwanza lilipopakuliwa, msichana mmoja akaanza kukwangua ukoko chini ya sufuria. Mama aliyekuwa anasimamia jikoni, mnene, mcheshi, kitambaa cha kichwa kimemteleza, akamzuia.

"Usiukwangue wote huo. Wa mwalimu."

Nikauliza ni mwalimu yupi. Niliuliza tu kwa mazungumzo, mkono wangu ulikuwa unaendelea kumenya.

Wakanieleza wote kwa pamoja. Kuna mwalimu mmoja wa Maisaka, mtu mzima, mstaarabu kupita kiasi, koti la kahawia. Hakosi shughuli. Na anapenda ukoko huyo, wakasema, ukimwekea ukoko wenye mafuta mafuta na kipande cha nyama kilichogandia humo, anakushukuru kama umemjengea nyumba. Walikuwa wamezoea kumwekea. Hata kwenye harusi ya wiki iliyopita kule barabarani alipewa bakuli zima.

Mkono wangu uliacha kumenya.

Msichana akauliza kwani kwake hapikiwi. Hapo kila mmoja akawa na habari zake. Mmoja alisikia mke wake ni mgonjwa, hawezi kusimama jikoni muda mrefu. Mwingine akasema hapana, mke ni mzima ila ameshika dini fulani ya kutokula kitu chenye ladha. Yule mama msimamizi ndiye aliyekuwa na habari kamili. Akapunguza sauti, akasema kwa huruma ya kweli kwamba mwanamke huyo anamlisha mume wake majani ya kuchemsha asubuhi na jioni, kama sungura, na yule baba wa watu hasemi kitu kwa sababu ya upole wake.

"Masikini," nikasema.

Nilitamani kucheka na nilitamani kumrushia mtu kiazi. Nikakumbuka ile "asante mama, nimeshiba." Nikakumbuka alivyokuwa anabusu paji la uso wangu kabla ya kwenda msibani. Nikamaliza besheni langu, nikanawa mikono, nikamwambia yule msimamizi kwamba kama hawana mtu wa kutosha kwenye kupakua, mimi naweza kushika upawa. Akafurahi. Akanipa sufuria la kabichi.

Watu walirudi kutoka makaburini, wakanawa, foleni ikajipanga. Wanaume wazee kwanza, kisha wengine. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa nyuma ya katekista, ameshika sahani kwa mikono miwili, sura yake ina amani ambayo sikuwa nimeiona mezani kwetu tangu tutoke hospitali. Akapita kwenye pilau, akawekewa kilima. Akapita kwenye nyama. Akafika kwangu, akainua macho.

Akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," nikamjibu.

Tulikuwa na miaka mingi ya ndoa na hakuwahi kuniamkia hata kwa utani. Alibaki amesimama pale. Katekista akageuka kuona foleni imekwama kwa nini. Nikamuuliza mume wangu kama anatumia mboga, akasema ndiyo, kidogo, kwa sauti ya mtu aliyeko mbele ya hakimu. Nikampa upawa mmoja, nikaongeza wa pili.

Lingeishia hapo, lakini yule mama msimamizi akatokea jikoni na bakuli limefunikwa kwa sahani. Alikuja na tabasamu lote. Akamwambia mwalimu wetu asiondoke, wake huu hapa, leo umeiva vizuri.

Mume wangu akaliangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi.

"Leo nimefunga," akasema, sahani yake ya pilau ikiwa inatoa moshi mkononi.

Mama yule akashangaa kafunga vipi naye kashika chakula. Nikaona nisipoingilia kati mume wangu atazimia, na presha ile tumeshaambiwa. Nikanyoosha mkono nikalipokea bakuli, nikamwambia yule mama, "Mimi ndiye yule mwenye sungura."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. Akavuta upande wa khanga yake akajifunika uso wote, akabaki ameinama palepale, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoanza kucheka mimi. Wale wengine jikoni wakasikia. Tulikuwa msibani, kwa hiyo tulicheka kwa kujibana, ambayo ndiyo namna mbaya kuliko zote, haina mwisho. Mume wangu alikwenda kukaa mbali kabisa, karibu na uzio, akala akiwa ametupa mgongo.

Ukoko niliula mimi. Ulikuwa mtamu. Naandika hili kwa masikitiko.

Tulirudi pamoja jioni. Bajaji zilitupigia honi, yeye akawa anageuza shingo kila moja inapopita, mimi nikawa natembea tu. Tulikuwa tumevuka barabara kuu ndipo nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba chakula changu hakiliki.

"Kule napewa sahani kama watu wengine," akasema. "Nyumbani napewa dawa."

Nilitaka kumjibu kwamba ni dawa kweli, kwamba daktari alisema, kwamba nilihangaika. Nikafikiria yale maharage ya kokoto. Nikamuuliza tena, basi si ungesema.

"Ulikuwa na furaha sana na dona lako," akajibu. "Nikaona nisikuharibie."

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa najiuliza ni mangapi mengine mtu huyu ameyameza kimyakimya miaka yote hii, kwa kunihurumia.

Kesho yake, baada ya ibada, nikasikia hodi. Yule mama wa Nangara alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mbaazi mbichi kutoka shambani kwake, amekuja kuomba radhi. Aliomba radhi kwa dakika nyingi sana, na kila alipofika kwenye neno sungura alishindwa kuendelea. Nikamkaribisha chai. Alipoionja aliuliza kwa upole kama sukari imekwisha, nikamwelezea mambo ya mzani, mkoba na viatu, akacheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa cha meza.

Tukaanza kumenya mbaazi zile. Mume wangu akatoka chumbani, akatuona, akataka kurudi. Yule mama akamwita, akamsogezea kiti. Basi tukamenya watatu. Jikoni yule mama akaniuliza huwa naziungaje. Nikamwambia siungi. Akaomba kitunguu, kwa heshima zote. Akakaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti kidogo, kijiko tu, akaweka nyanya, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, karanga za kusaga. Mwisho akakamua limau. Chumvi aliiulizia, nikampandia kiti nikamletea, akachukua ncha ya vidole. Mambo haya nilikuwa nayajua. Mama yangu alipika hivyo, na mimi nilipika hivyo kabla ya kwenda hospitali. Sijui ni nani aliyenidanganya kwamba kupona lazima kuwe kuchungu.

Mume wangu alikula, akaomba kuongezewa mboga. Mboga, si ugali. Yule mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Kuanzia hapo mambo yakaenda, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Mnafu tulianza kuupika na maziwa kama kwetu Mbulu. Mume wangu akaingia jikoni mwenyewe, na akiingia mahali mwalimu lazima atafundisha. Alianza kuieleza sahani kijiografia. Ugali ni bara, mboga ni bahari, na dunia kama mnavyojua sehemu kubwa ni bahari. Wageni wetu wote wameipata hotuba hii. Mdogo wake alipokuja kutoka Singida akaomba ugali uongezwe, aliambiwa mabara hayaongezeki. Kijana wa watu aliondoka kabla ya siku aliyopanga.

Kuna siku tulianguka. Wiki moja ya mvua tulikula chapati kila jioni na hakuna aliyemshitaki mwenzake. Kupika kidogo bado kunanishinda, ila sasa kinachobaki nakipeleka kibandani asubuhi, na wateja wangu wanakula mbaazi wakisubiri kupimwa. Wale waliohama wamerudi.

Misiba hajaacha. Nilidhani ataacha, maana sababu imekwisha, kumbe alikuwa ameshazoea watu na watu wameshamzoea. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati, na alipitisha kwamba kila shughuli ya jumuiya iwe na sufuria la mboga lenye ukubwa sawa na la pilau. Wanaume walinung'unika kikaoni. Mmoja akasema mwalimu amelishwa maneno na mke wake. Akajibu kwamba ni kweli, na kwamba maneno hayo sasa hivi yana kitunguu na karanga. Wakapitisha.

Tuliporudi kwa daktari, presha ilikuwa imeshuka, si yote. Vidonge anaendelea kumeza, na sukari bado iko mlangoni, ila imekaa chini, haigongi. Daktari akamuuliza amefanyaje. Nikajua linalokuja, nikatoka nje kumsubiri kwenye benchi, na nilipochungulia alikuwa amechukua karatasi anachora bahari. Nesi aliniona pale nje akaniita nipande. Safari hii nilipanda na mkoba wangu, na sisemi zaidi.

Kutembea kwa miguu ndiko tulikochelewa kuanza. Jumamosi jioni nikishafunga kazi tunashuka taratibu kuelekea ziwani kununua samaki. Tunabishana njiani kuhusu nani anahema zaidi. Wiki iliyopita tulifika tukakuta mwanamke anayetuuzia amewasha jiko, karai la mafuta linachemka, perege wametandazwa kando wamechanjwa vizuri, na harufu imetanda mpaka barabarani. Mume wangu akachagua wawili wakubwa. Mwanamke akauliza awafunge hivyohivyo wabichi au atukaangie kabisa.

Tukatazamana. Karai lilikuwa linanguruma.

"Wabichi," akasema mume wangu.

Mwanamke akanigeukia mimi, kwa kuwa mwenye jiko nyumbani ni mimi, akangoja niseme kama ndivyo. Nilisema ndivyo. Ila ilinichukua muda, na mume wangu hajaacha kuwasimulia watu ni muda kiasi gani.